Ploti Yenye Mandhari ya Ziwa

Januari hii mteja mmoja alinitumia ujumbe kwa WhatsApp. Kampuni yake inauza ploti. Alitaka tangazo la maneno mia tatu, Kiswahili chepesi cha vijana, na alikuwa tayari kulipa vizuri kuliko wateja wangu wengi. Ploti ziko Naivasha. Futi hamsini kwa mia, hatimiliki ziko tayari, stima iko karibu, lipa polepole kwa miezi kumi na minane. Mwisho wa ujumbe akaongeza: "Usisahau mandhari ya ziwa. Hiyo ndiyo inauza."

Mimi huishi kwa kazi kama hizo. Nimeandika matangazo ya magodoro, ya dawa ya meno, ya shule ambazo sijawahi kukanyaga. Hii ya ploti ningeimaliza kwa saa mbili na kodi ya nyumba ya Februari ingekuwa imepatikana. Shida ni kwamba mamangu ana ploti Naivasha yenye mandhari ya ziwa, na mandhari hiyo ilishaingia hadi jikoni.

Alinunua mwaka 2010, karibu na Kihoto, mtaa ulio kati ya mji na ziwa. Kihoto ni neno la Kikuyu lenye maana ya haki, au hoja inayoshinda. Wakati huo Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na yeye na walimu wenzake wanne walienda kuona ploti Jumamosi moja kwa matatu. Nilikuwa mtoto, nikachukuliwa. Nakumbuka vumbi, vigingi vya mpaka vilivyopakwa rangi nyekundu, na broka aliyenyoosha mkono kuelekea mstari mwembamba uliong'aa mbali sana. "Lile pale ndilo ziwa," alisema. Ilibidi ukaze macho ulione.

Mwaka 2018 Mama alikopa shilingi 900,000 kwa sacco akajenga vyumba sita vya kupangisha. Mawe, mabati, tangi la maji, choo cha shimo nyuma. Wapangaji walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya maua, 3,500 kwa chumba. Kodi yote ilifika 21,000 kwa mwezi na mkopo ulimkata takriban 16,000. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mama alikuwa na kitu kinachojilipia chenyewe. Mwaka 2019 mtu mmoja alitaka kukinunua kwa milioni 1.6. Mama alicheka. Nani huuza kuku anayetaga?

Maji yaliingia mwaka 2020.

Badala ya kuandika tangazo, nilianza kusoma kuhusu ziwa. Nilitaka kujua jambo moja tu: kuna mtu alijua? Jibu lilikuwa ndiyo, na limekuwa kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka tisini.

Tuanze na jina. Wamaasai waliliita Nai'posha, maji yanayochafuka, yanayokwenda huku na huku. Wageni walishindwa kulitamka wakaandika Naivasha. Jina linasema mawimbi ya alasiri, yale yanayowafanya wavuvi waharakishe kurudi, lakini lingeweza kuwa linasema ziwa lote. Mito ya Malewa na Gilgil huleta maji kutoka milima ya Nyandarua, na hakuna mto unaoyatoa. Maji huondoka kwa kukauka juani na kwa kupenya chini ya ardhi. Mvua ikizidi, ziwa halina mlango wa kutokea. Linapanuka tu. Mvua ikipungua, linajikunja.

Mwaka 2000 wanasayansi wakiongozwa na Dirk Verschuren walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Walikuwa wametoboa tope lililolala chini ya maji kwenye kreta ya Crescent Island, wakasoma tabaka zake kama mtu anavyosoma daftari la duka. Miaka 1,100 ya historia ilikuwamo. Kulikuwa na ukame mrefu kati ya takriban mwaka 1000 na 1270. Baadaye mvua zilikuwa nyingi zaidi kwa karne kadhaa, lakini zikakatizwa mara tatu na ukame mkali, wa mwisho ukiwa kati ya takriban 1760 na 1840. Ziwa hili halijawahi kukaa mahali pamoja. Kinachoitwa "ufuo" ni mahali lilipokuwa siku uliyopita pale.

Mfugaji anaweza kuishi na ziwa kama hilo. Likishuka, linaacha nyasi mbichi. Likipanda, anahamisha ng'ombe. Lakini mwaka 1904 Wamaasai walitiliwa mkataba na Waingereza wakaondolewa sehemu hii ya Bonde la Ufa, wengi wakasukumwa Laikipia, na ardhi ya kando ya ziwa ikapewa walowezi. Mlowezi alikuja na kitu ambacho mfugaji hakuwa nacho: mpaka wa shamba uliochorwa kwenye ramani. Ramani ilisema shamba lake linaishia ziwani. Sasa, ziwani wapi?

Katika miaka ya 1920 swali hilo likawa kesi halisi, kwa sababu ziwa lilianza kushuka na halikuacha. Kila mwaka liliacha ukanda mpya wa udongo mweusi wenye rutuba. Ni wa nani? Wa serikali, kwa kuwa jana ulikuwa ziwa? Wa mwenye shamba la karibu? Walowezi waliunda chama cha wamiliki wa ardhi ya kando ya ziwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikakubaliana na serikali ya koloni.

Makubaliano hayo ndiyo yaliyonifanya niweke simu chini. Yaliweka mstari kuzunguka ziwa lote, futi 6,210 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 1,892.8. Mstari ulifuata ufuo wa zamani, wakati maji yalipokuwa juu. Ardhi yote iliyo chini ya mstari huo, hata ikiwa kavu, hata ikiwa imeota majani kwa miaka ishirini, ilihesabiwa kuwa ya ziwa. Mwenye shamba jirani angeweza kuitumia: kulima, kulisha ng'ombe. Kujenga jengo la kudumu, hapana.

Fikiria maana yake. Watu waliokuwa wakiona ziwa likirudi nyuma kila msimu, watu ambao wangeweza kujiambia limekufa, walikaa chini na mawakili wao wakaandika kwamba litarudi. Na walipanga mambo yao hivyo. Likirudi, hasara ingekuwa mimea ya msimu mmoja na waya za ua. Nyumba ziko juu, salama.

Sisemi walikuwa na hekima kuliko wengine. Walikuwa na nafasi. Mtu mwenye ekari elfu mbili anaweza kuliachia ziwa ekari mia na asilale njaa. Na walikuwa na serikali. Walowezi nao walikuwa na madeni makubwa, hasa bei za mazao zilipoanguka duniani mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930. Serikali ya koloni ilianzisha benki maalumu ya ardhi mwaka 1931 kuwakopesha wakulima Wazungu ili wasizame. Kwa hiyo mlowezi wa Naivasha mwenye deni alikuwa na vitu vitatu: shamba kubwa, mstari kwenye ramani, na benki iliyoundwa kwa ajili yake. Weka hivyo vitatu akilini, kwa sababu mamangu hakupata hata kimoja.

Ziwa liliendelea kushuka hadi miaka ya 1940. Mwaka 1946 lilikuwa chini sana. Kisha mvua za mwisho wa mwaka 1961 zikaja, zile ambazo wazee bado wanaziita mvua za Uhuru. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata. Naivasha nalo lilipanda. Lilikuwa limefanya kile ambacho karatasi ilisema litafanya.

Lakini miaka hiyohiyo watu wote walikuwa wakitazama kitu kingine: ardhi ilikuwa ikibadilisha mikono. Mpango wa Ekari Milioni ulikuwa ukianza. Shuleni tulifundishwa kwamba Wakenya walirudishiwa mashamba. Neno sahihi ni kwamba waliuziwa. Mlowezi aliyetaka kuondoka alilipwa. Pesa zilitoka kwa serikali ya Uingereza, Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine, na mkulima Mwafrika aliyepewa kipande alipewa pamoja na mkopo wa kukilipia kwa miongo. Wengi walishindwa kulipa. Yaani mwenye nyumba wa kwanza wa Kenya huru alianza maisha akiwa na deni la kununua ardhi ambayo babu yake alinyang'anywa.

Walioachwa nje ya mpango huo walichanga. Katika miaka ya 1960 na 1970 kampuni za kununua ardhi zilienea Bonde la Ufa: unanunua hisa, kampuni inanunua shamba la Mzungu, siku moja mnagawana. Babu na nyanya zetu waliuza mbuzi kupata hisa hizo. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilizishinikiza kampuni zigawe ardhi, zitoe hatimiliki na kufunga vitabu. Ekari elfu zikawa ekari mbili mbili, na ekari mbili zikaja kuwa futi hamsini kwa mia.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, jambo lenyewe lilipotokea, na halikuwa na kelele. Shamba likigawanywa, kila kitu hugawanyika isipokuwa hatari. Shamba la ekari elfu mbili likiguswa na ziwa linapoteza ukingo. Ploti ya futi hamsini kwa mia ikiguswa inapotea yote. Maji ni yaleyale, kupanda ni kulekule. Kilichobadilika ni ukubwa wa kitu ulichonacho. Ule mstari ulitungwa kwa ajili ya watu wenye mashamba makubwa, nao wanaomiliki vipande vidogo, wanaouhitaji kuliko mtu yeyote, hawakuusikia.

Wakati huohuo Naivasha ilikuwa ikijaa. Mashamba ya maua yalishika kasi katika miaka ya 1980, na wafanyakazi wakaja kutoka Magharibi, Nyanza, Kati, kila mahali. Katika sensa ya 2019 mji ulikuwa na karibu watu 200,000. Watu hao walihitaji pa kulala, na ardhi ya bei nafuu iliyo karibu na kazi ilikuwa ile tambarare iliyoelekea ziwani. Kisha mwaka 2009 ukame ukaja. Ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1940. Magazeti yaliandika kwamba Naivasha inakufa, kwamba maua yanainywa hadi tone la mwisho.

Mwaka uliofuata Mama akanunua ploti.

Simlaumu. Angejuaje? Hatimiliki yake ni halali, nimeishika mikononi. Mpimaji alipima. Ofisi ya ardhi ilipiga muhuri. Ushuru wa stempu ulilipwa. Kila mwaka alilipa kodi ya ardhi na akapewa risiti. Kila aliyetia sahihi alithibitisha kwamba ploti ni futi hamsini kwa mia. Hakuna aliyeulizwa iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na hakuna aliyejitolea kusema. Hilo ndilo linaloniudhi nikilifikiria usiku. Hakuna aliyedanganya. Urefu na upana viliandikwa. Kimo hakikuandikwa.

Mwaka 2020 maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda yote kwa pamoja, Baringo, Bogoria, Nakuru, Naivasha. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na serikali kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa ilihesabu karibu familia 76,000 zilizoathirika katika kaunti 13, na ikataja mvua nyingi zinazoletwa na mabadiliko ya tabianchi kuwa sababu kuu, pamoja na udongo unaosombwa kutoka milima iliyokatwa miti. Kihoto watu walihama kwa mashua. Viboko walitembea usiku mahali palipokuwa barabara. Vyoo vya shimo vilifurika na maji yote yakawa ya choo. Ukienda leo utaona migunga iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya ziwa, mieupe, mbali na ufuo. Miti hiyo iliota pakavu. Nayo ilidhani ziwa limeondoka.

Wapangaji wa Mama waliondoka ndani ya wiki mbili. Chumba cha mwisho alikuwa kijana wa Busia aliyekaa hadi maji yalipofika kwenye kitanda. Aliacha funguo kwa duka la jirani.

Sasa nieleze kuhusu deni, kwa sababu hapa Kenya ni tofauti na kule kwingine tunakokuona kwenye filamu. Mikopo ya nyumba ya benki nchini kote ni takriban 30,000 tu, kwa hesabu za Benki Kuu za miaka ya karibuni. Katika nchi ya zaidi ya watu milioni 50 hiyo ni kama haipo. Sisi hujenga kwa sacco, kwa chama, kwa kuuza ng'ombe, kwa shangazi aliye Qatar. Kwa benki, dhamana ni nyumba. Kwa sacco, dhamana ni watu. Unakopa hadi mara tatu ya akiba yako, na wenzako wanatia sahihi kwamba ukishindwa watalipa wao. Ni mfumo mzuri, umesomesha nusu ya Kenya. Lakini ulitungwa kwa ajili ya mtu kufilisika, si kwa ajili ya ziwa.

Mkopo wa Mama ulikuwa na bima. Kama angekufa, ungefutwa. Vyumba havikuwa na bima. Nimeisoma fomu mara nyingi na bado naona ajabu: katika mambo yote ambayo yangeweza kumpata, karatasi ilikuwa imefikiria kifo chake tu.

Basi thamani ya vyumba ikaanguka kutoka milioni 1.6 hadi sifuri ndani ya miezi miwili, na deni halikushuka hata shilingi. Mshahara uliendelea kukatwa. Zile 21,000 za kodi zilikuwa zimeisha, zile 16,000 za makato hazikuisha. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Sitasema ziwa ndilo lililonitoa, nilikuwa na sababu zangu nyingine na nyingine ni za aibu. Nitasema tu kwamba barua ya ada ilipokuja niliiweka chini ya godoro na sikumwonyesha.

Mwishoni mwa 2021 Mama alifika miaka sitini akastaafu. Salio la mkopo lilikuwa takriban 510,000. Pensheni ilikuwa bado njiani, kama pensheni zilivyo. Sacco ilichukua akiba yake yote, 310,000, ikabaki 200,000. Hiyo iligawanywa kwa wadhamini wake wanne, elfu hamsini kila mmoja, ikakatwa kwenye mishahara yao.

Wadhamini ni wale wale walimu wanne wa Jumamosi ile. Wao pia walikuwa na ploti pale. Yaani kila mmoja alikuwa amemdhamini mwenzake kwa mkopo wa kujenga kando ya ziwa lilelile. Walifikiri wamegawana mzigo. Wanne kati ya watano walikuwa wamejenga, na maji yaliwafikia wote wanne mwezi mmoja. Bima yoyote duniani hufanya kazi kwa kuwa nyumba zote haziungui siku moja. Wao walikuwa wamejiwekea bima kwa watu waliosimama ndani ya moto uleule.

Mmoja wao, mwalimu wa darasa la kwanza, ndiye aliyekuwa rafiki ya Mama wa karibu. Ndiye aliyenisuka nywele nikienda shule ya bweni. Siku makato yalipoonekana kwa mara ya kwanza alimpigia Mama simu. Sikusikia alichosema. Nilisikia Mama akisema "pole, mwenzangu" mara nyingi, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia kwa wazazi wa watoto waliofeli. Hawajazungumza tangu siku hiyo.

Nilijiuliza kama kuna nchi iliyofanya vizuri zaidi. Marekani ilijaribu. Mwaka 1965 kimbunga Betsy kiliifunika sehemu ya New Orleans kwa maji, na kwa kuwa kampuni za kibinafsi zilikuwa zikikwepa kuuza bima ya mafuriko, Bunge lao lilianzisha mpango wa taifa wa bima hiyo mwaka 1968. Mwaka 1973 likaongeza sharti: ukitaka mkopo wa benki wa kununua nyumba mahali ambapo ramani inasema ni pa hatari, lazima uwe na bima. Kwa maneno mengine, ramani ya maji na karatasi ya deni vilifungwa pamoja. Huwezi kupewa moja bila kuonyeshwa nyingine.

Haikuwaokoa. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilikuja, kuta za kuzuia maji zikavunjika, na asilimia 80 ya New Orleans ikafunikwa. Jimbo la Louisiana lilitoa ruzuku ya kujenga upya kwa wenye nyumba, hadi dola 150,000, lakini kwa kanuni hii: tunaangalia thamani ya nyumba kabla ya kimbunga na gharama ya kuijenga upya, tunakulipa kwa kufuata iliyo ndogo. Simiti na mbao bei yake ni moja mji mzima. Thamani ya nyumba siyo, kwa sababu mitaa ya Waafrika-Wamarekani ilikuwa imeshushwa bei kwa miongo ya ubaguzi. Nyumba mbili zenye ukubwa mmoja na uharibifu mmoja zilipata pesa tofauti, na mwenye nyumba Mweusi mara nyingi alipata isiyotosha kujenga. Walienda mahakamani mwaka 2008, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2011.

Nilichojifunza huko ni kwamba ramani peke yake haitoshi, na bima peke yake haitoshi. Mtu akija baadaye na kuuliza "nyumba yako ilikuwa na thamani gani?" tayari ameshaamua nani atabaki na deni. Hapa kwetu hata swali hilo halikuulizwa. Mama alienda ofisi moja kujua kama kuna fidia. Kijana wa pale alimwambia Katiba inasema maziwa yote ni ardhi ya umma, na yeye amejenga kwa ziwa.

"Nilijenga kwa ziwa," Mama aliniambia aliporudi, "ama ziwa limejenga kwangu?"

Nilipompata mwaka huu nikamweleza kuhusu futi 6,210, alikuwa akichambua mchele. Hakuacha kuchambua. Nikamweleza walowezi, mawakili, mstari, kutojenga jengo la kudumu. Alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Kwa hivyo hao wazungu walijua, wakaandika, na karatasi ikabaki kwa droo?"

Nikasema ndiyo. Kusema kweli haikubaki hata kwa droo. Chama cha wenye ardhi ya kando ya ziwa bado kipo, na mstari bado unajulikana na kila mtu anayehusika na uhifadhi wa Naivasha. Si siri. Ni kwamba njia ya karatasi hiyo na njia ya mwalimu anayenunua ploti kwa mkopo hazikutani popote. Haipiti kwa broka. Haipiti kwa sacco. Haipiti kwenye hatimiliki.

Mwishoni mwa 2025 maji yalirudi Kihoto. Mashua tena, viboko tena, watoto wakabebwa mgongoni kwenda shule ambazo nazo ziliingiwa na maji. Kila mara hivi ikitokea mtandaoni tunaandika "kwani nani aliwaambia wajenge huko?" Nimewahi kuandika hivyo mimi mwenyewe, kuhusu mtaa wa Nairobi, nikiwa chuoni. Jibu ni kwamba kila mtu aliwaambia. Mpimaji, muhuri, risiti, sacco, tangazo.

Nilimjibu yule mteja. Nilisema nitaandika, ila ningependa kuongeza sentensi moja inayosema ploti ziko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na je, anazo takwimu hizo? Alituma kikatuni cha kucheka. Nikasubiri. Baada ya siku mbili akaandika kwamba wamepata mtu mwingine. Tangazo limetoka, nimeliona. Lina picha ya machweo.

Kama una miaka ishirini na kitu na unachanga na wenzako kununua ploti popote penye maji, ziwa, mto, hata bonde kavu, uliza kimo. Mpimaji yeyote anaweza kukupimia, na hata simu yako itakukadiria. Pale Naivasha nambari ya kuuliza ni 1,892.8. Na kama nyinyi ni wadhamini wa mmoja na mwingine, msinunue mahali pamoja.

Mama aliamua kuwarudishia wadhamini wake. Hakuna sheria inayomlazimisha afanye hivyo kwa mwendo huo, na pensheni yake si kubwa. Tangu Aprili 2022, kila mwisho wa mwezi, hutuma elfu moja moja kwa M-Pesa kwa watu wanne. Yule mwalimu wa darasa la kwanza hajawahi kujibu. Mama huangalia jina lake likitokea kwenye ujumbe wa kuthibitisha, anasubiri kidogo, halafu anaweka simu kwenye meza. Imebaki miezi minne. Vyumba bado viko ndani ya maji.